Sufuria Iliyorudi Imejaa

Kwa mdogo wangu Wakesho,

Kabla sijakuuliza habari za mguu wako na za mvua, nikuambie kwanza nililokuficha, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya katika barua zote nilizokuandikia tangu nije huku. Mumeo Maghanga hakulishwa kitu. Alikufa kwa kansa ya utumbo. Nilijua hivyo siku tuliyomzika. Nilijua nikiwa nimesimama kando ya kaburi na karatasi mkononi, nikiwasomea watu historia yake. Na kwa miaka ishirini na miwili nimewaacha watu wa mlimani waamini kwamba ni wewe uliyemlisha.

Sasa nakusalimu. Hujambo, mdogo wangu? Mguu unaendeleaje? Mahindi ya shamba la chini yameshika, au jua limeyachoma tena? Mimi moyo wangu umechoka. Daktari alisema hivyo hivyo bila kuzunguka, kwamba umechoka na hana dawa ya kuurudisha. Kutoka kitandani hadi dirishani napumzika mara mbili. Mkamburi, binti yangu, hunisaidia kuoga kabla ya kwenda zamu yake hospitalini, na hata siku moja hajakunja uso. Maumivu sina. Nina hasira, tena nyingi, na nyingine ni juu yangu mwenyewe.

Kilichonikalisha kwenye meza hii ni simu yako ya mwezi uliopita. Ulikuwa unanisimulia ubatizo wa kitinda mimba wa mwanao Saru. Ulisema umeamka mapema ukaponda kimanga cha mihogo na maharagwe, kile alichokuwa akikipika mama yetu, ukakibeba kichwani mpaka kanisani.

"Watu walikula?" nikakuuliza.

"Walikula wali."

"Na kimanga?"

"Kimanga kilirudi, kaka. Sufuria ilirudi imejaa kama ilivyotoka. Nimekila mwenyewe siku tatu, mpaka kuku wamekichoka!"

Ukacheka. Miaka ishirini na miwili mtu anapika na watu wanapita mbele ya sufuria yake wakijifanya hawaioni. Akimkaribisha mgeni chai, mgeni amefunga. Siku ya mazishi mama mkwe wako alisema mbele ya waombolezaji wote, "Mtu mzima hafi ghafla isipokuwa amekula mahali." Nami nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilikuwa mwalimu mkuu. Ningefungua mdomo, pangenyamaza. Sikufungua.

Nikueleze jinsi nilivyofika kwenye hasira hii. Mwaka wangu wa kwanza huku, kwenye huu mji wa kaskazini mwa Uingereza, nilipata bahasha kutoka serikalini. Mkamburi aliifungua, akaniwekea mezani kichupa na kijiti.

"Baba, wanataka choo chako."

"Wanataka nini?"

"Choo. Kidogo tu, kwa kijiti hiki. Unafunga, tunarudisha kwa posta, wanapima kama kuna damu usiyoweza kuiona."

"Mkamburi, nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na sita. Siwezi kuitumia serikali ya watu mavi kwa posta."

"Basi Baba, ukikataa watakuandikia tena. Hawa hawachoki."

Na kweli hawakuchoka, waliniandikia tena. Nikafanya kwa aibu, nimefunga mlango kama mwizi. Wiki chache baadaye nikaitwa, wakaangalia ndani, wakakuta uvimbe mdogo kwenye utumbo mpana. Kansa. Wakaukata. Nilikuwa na miaka sitini na tisa, na leo nina sabini na sita. Soma hapo mara mbili, Wakesho. Ugonjwa ule ule, mahali pale pale mwilini. Mimi mzee niliyekwisha kustaafu nilitafutwa hadi mlangoni, nikapewa miaka saba ya kukaa dirishani na kunywa chai. Maghanga, fundi wa reli mwenye miaka arobaini na mitatu, mwenye mke na binti, aliondoka na nguvu zake zote.

Kwenye kliniki ya marudio niliketi mara nyingi na mzee mmoja, Tom, aliyekuwa dereva wa basi. Siku moja alikuwa na gazeti lenye ramani ya nchi yao. Sehemu ambako watu wengi hufa kwa kansa kabla ya kufika umri wa kustaafu zilitiwa rangi nzito, na sehemu nyingine rangi hafifu. Alikuwa ametoa macho.

"Ona hapa tulipo," akanigongea kwa kidole. "Peusi kama chini ya chungu. Ona kule kusini! Wa kule anastaafu anacheza gofu. Wa hapa anazikwa na miaka hamsini na tano, pensheni yake hajaionja. Nchi ni moja, dawa ni zile zile."

"Ni aibu," nikamwambia.

"Aibu gani? Huu ni wizi!" Muuguzi akamtazama, yeye akaendelea kwa sauti ile ile. "Na kwenu, Mwalimu? Kwenu ni rangi gani?"

"Kwetu hakuna rangi."

"Maana yake hamuugui?"

"Maana yake hakuna aliyeuliza."

Alikunja gazeti lake taratibu, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimewaka. Tom ana haki ya kukasirika, na ana kitu cha kukasirikia. Anaweza kukibeba mpaka ofisi ya mbunge wake akakitandika mezani. Sisi tutatandika nini? Pale Wundanyi au Voi, nani amewahi kubandika ukutani watu wa Taita Taveta wanakufa na nini, na umri gani, na kama ni wengi kuliko wa Mombasa au wa Meru? Kama kipo kitabu chenye habari hizo, mimi niliyesoma maisha yangu yote sijawahi kukiona.

Unamkumbuka Righa, mwanafunzi wangu aliyekwenda kufundisha kule Salaita. Alikufa na miaka thelathini na tisa. Alianza kwa kushindwa kumeza ugali, watu wakamwambia ana mawazo mengi. Taveta walimtuma Voi, Voi wakamtuma Mombasa, Mombasa wakamtuma Nairobi, na kila mahali wakamwambia angekuja mapema. Angekuja mapema kutoka wapi, na kuelekea wapi? Unamkumbuka pia yule mama aliyekuwa akiuza ndizi karibu na stendi ya Voi, aliyefunga titi lake kwa leso mwaka mzima kwa kuwa hakujua wa kumwonyesha. Wengine wanasema ni dawa tunazonyunyizia nyanya, wengine ni moshi wa jikoni, wengine ni maji. Wengine wanasema wamerogwa. Huenda ni kimojawapo, huenda si chochote. Sijui. Na hakuna anayeweza kunijibu, kwa sababu hakuna aliyehesabu wala kupima. Halafu wakubwa wanakuja mazishini na magari yao, wanashika kipaza sauti, wanasema Mungu amemchukua aliye mwema. Mungu ana lawama nyingi pale mlimani ambazo si zake.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwa nimewalaumu. Lakini hasira ya kweli haikubali kusimama pale unapotaka isimame.

Unajua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiandika historia za marehemu. Familia ikifiwa, mtu anatumwa kwangu: Mwalimu, tuandikie. Nilihifadhi nakala zote, na nilikuja nazo huku ndani ya sanduku kama mtu anavyobeba picha. Baada ya maneno ya Tom nilizitoa, nikapiga mstari chini ya umri wa kila mtu. Arobaini na moja. Thelathini na sita. Hamsini. Arobaini na nane. Watu walioacha watoto shuleni na mashamba katikati ya kulimwa. Na sababu ya kifo? Nilikuwa na maneno yangu mazuri. "Aliugua kwa muda mfupi." "Alipambana kwa ujasiri." Familia ziliniomba, "Mwalimu, lile jina usiliandike, wasichana wetu hawataolewa." Sikuliandika. Niliona ni heshima. Kumbe nilikuwa naifuta rangi kwenye ramani kabla haijachorwa, mtu mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko wangu mzuri ambao kila mtu aliusifu.

Maghanga naye nilimfanyia hivyo. Alipokata roho kwako nyumbani, naibu wa chifu alikuja na fomu ya kibali cha kuzika. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, hapa kwenye chanzo cha kifo tuandike nini?" Nikamwambia, "Andika tumbo." Kwenye historia nikaandika kwamba aliugua tumbo ghafla. Yeye alikuwa Voi kwenye reli mwaka mzima, akija kwako mwisho wa mwezi. Watu wa mlimani waliziona zile wiki tatu za mwisho tu, akiwa kitandani kwako, akila kutoka mkononi mwako. Neno ghafla ndilo walilolibeba kutoka mazishini. Mimi ndiye niliyewapa.

Kwa hiyo nakuomba hivi, na ni ombi la mtu anayekufa. Mpe kasisi barua hii aisome kanisani Jumapili, yote, na hayo yatakayofuata. Usimwache aruke kitu kwa ajili ya heshima yangu. Mashemeji zako waliobaki wakae mbele. Nao vijana wa mlimani waambiwe kwamba ugonjwa una jina, na jina liandikwe, kwenye fomu na kwenye historia, hata wakubwa wakose pa kujificha.

Nisalimie Saru, mwanao, na mumewe. Mwambie picha ya mtoto nimeiona, na masikio ni ya babu yake Maghanga kabisa. Msalimie binamu yetu wa Voi mwenye duka la vipuri, aache kunitumia nyimbo za asubuhi kwenye simu, nazisikia zote. Msalimie yule jirani yako mjane ambaye ndiye peke yake anayekunywa chai yako. Sijawahi kumwona, nampenda. Msalimie mama mkwe wako pale alipolala, ukipita na jembe.

Nimeishiwa na watu wa kusalimu. Nimebaki na jambo moja, na nimelizunguka ukurasa huu wote.

Nilikuambia nilijua siku ya mazishi. Ni kweli, lakini nilijua tangu kabla yake. Maghanga alikuja shuleni siku ya Jumatatu na bahasha ya hospitali, miezi kumi na mmoja kabla hajafa. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia ya reli magotini, viatu amevipiga rangi.

"Shemeji, nisomee," akasema. "Daktari kaongea Kizungu cha mbio, nimeshika neno Nairobi tu. Akaniambia nitafute mtu wa kunisomea vizuri, basi nikasema nina shemeji mwalimu mkuu, nitafute nani mwingine?"

Nikasoma. Jumamosi ile wageni walikuwa waje kumposa Saru, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji wetu. Nikafikiri, jina hili likitoka leo, Jumamosi hawaji. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni, nikamwambia ni vidonda vya tumbo, apunguze pilipili, anywe maziwa. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Ahsante, Mwalimu. Nilikuwa nimeogopa bure." Nikajiambia nitamweleza wageni wakishapita. Wageni walipita, ikaja mahari, ikaja harusi. Kila wiki iliyopita ilifanya neno lenyewe kuwa zito zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nilinyamaza.

Barua hiyo nimeitia ndani ya bahasha hii. Saru anajua Kiingereza, atakusomea. Mstari wa mwisho unasema kwamba uvimbe umegunduliwa mapema, kwamba ukikatwa mgonjwa anatarajiwa kupona, na kwamba apelekwe Nairobi wiki hiyo hiyo.

Kaka yako,
Mwadime