Safari Hii Nakagua Mimi

Jumapili, 2 Machi

Nimefika kwa mama. Chumba changu kimekuwa stoo ya ndoo na viti vibovu, ila kitanda kipo. Mama kauliza ni kazi gani hii ya kuzunguka nchi za watu na kurudi na sanduku moja. Nikamwambia nimetumwa kukagua. Kampuni yenye dawa inataka kujua kama wagonjwa wanaojaribiwa dawa mpya ya presha wanaulizwa vizuri wanavyojisikia.

Namkagua nani? Kiranja!

Mama anamjua — profesa wangu wa zamani, tuliyempa jina hilo kwa sababu hakuna aliyekohoa bila ruhusa yake. Mwachie Mungu, mama akasema. Mungu ana kazi nyingi. Hii moja nitamsaidia.

Jumatatu, 3 Machi

Niandike, hasira isije ikapoa.

Nilikuwa msaidizi wake, nimetoka masomoni nchi ya baridi. Kule mgonjwa ukimuuliza hali anakumwagia yote — mgongo, tumbo, usingizi, mpaka paka wake anayeharisha. Kwetu mtu yuko mahututi anakwambia nzuri. Nikatafuta njia. Usimuulize hali. Keti naye, muulize jana yake: uliamka ukafanya nini, kazi gani uliiacha njiani? Ugonjwa unatoka wenyewe.

Kiranja aliicheka mbele ya wenzangu. Mwaka uliofuata akaipeleka ng'ambo kama yake, wakampa na tuzo. Nilipouliza jina langu liko wapi, hakuinua hata macho. Akasema, "Wewe ulikuwa mkalimani tu."

Mkalimani! Tangu siku hiyo nimefanya kazi nchi tatu. Nimejifunza kula nao, kunyamaza nao, kubishana kwa adabu zao. Watu wanadhani napenda utafiti. Napenda, ndiyo. Lakini kilichokuwa kinaniamsha alfajiri ni neno lile.

Leo nimempa shikamoo kituoni kwake, wanakojaribia dawa. "Marahaba, binti yangu," akajibu, kama vile alinilipia ada. Nywele kapaka rangi, tumbo kaliacha lilivyo. Kanionyesha takwimu zake kwenye kompyuta: kizunguzungu, hakuna. Kuanguka, hakuna. Dawa ya presha isiyomzungusha hata mtu mmoja! Labda wanameza peremende.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata. Nimempata, nimempata!

Asubuhi nilikaa pembeni ya meza ya nesi. Mgonjwa anaingia. Nesi: hujambo mama? Sijambo. Hali? Nzuri. Nesi anabonyeza "hakuna tatizo", anampa dawa, mwingine! Njia yangu — aliyoiiba, iliyompa tuzo — haitumiki! Nilimuuliza nesi kwa upole. Kasema Profesa aliifuta zamani, inachelewesha foleni.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa. Jirani yangu fundi cherehani, mama mnene mcheshi, kidole kimefungwa bandeji. Nikamuuliza jana yake. Basi akafunguka! Aliinuka kuchukua kitambaa, nyumba ikazunguka, akaiangukia mashine na sindano ikapita kidoleni. Si mara ya kwanza. Wiki iliyopita alianguka bafuni. Nikamuuliza mbona hukumwambia nesi? Kanishangaa.

"Nesi alinisalimia tu, mwanangu. Salamu si unajibu nzuri?"

Mama wa pili, hivyo hivyo. Babu mmoja sasa anakwenda chooni kwa kushikwa mkono. Nikawaambia wote wasimeze tena mpaka wamwone daktari mwingine. Wakaitikia ndiyo, ndiyo. Ndiyo ya heshima. Naijua ile, jioni watameza.

Nimerudi nyumbani naimba. Aibu kidogo — watu wanaanguka, mimi naimba. Lakini nimeimba.

Alhamisi, 6 Machi

Ripoti tayari. Dawa isimamishwe, kituo kifungwe, Profesa ajieleze. Neno "ajieleze" nimelisoma mara kadhaa, tamu! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nesi kanifuata getini analia. Kumbe aliniona na wagonjwa, na amekwisha kumwambia Kiranja. Anaogopa kufukuzwa. Nimemwambia asijali, kichwa ninachokitaka si chake.

Kesho kikao. Kamati ya maadili, kampuni, bosi wangu kutoka ng'ambo. Mama kapiga pasi gauni langu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika ukumbini, daftari magotini.

Kiranja kaanza yeye. Nilitegemea ajitetee, aruke ruke. Wapi! Kaweka slaidi, na kwenye slaidi jina langu. Peke yake. Herufi kubwa, limeandikwa sawasawa. Akasema, "Njia ya kuwauliza wagonjwa wetu si yangu, ni ya binti yangu yule pale. Tuzo niliyopewa ilikuwa haki yake. Kila tulichofanya hapa, tumefanya kwa njia yake."

Watu wakageuka. Makofi. Miaka yote nimeyataka makofi haya, na nakiri, sekunde moja yalinikolea.

Halafu bosi akaniinamia sikioni. Hukutuambia, akasema. Mkaguzi anakagua njia aliyoitunga mwenyewe? Ripoti hiyo kamati itaipokeaje? Uso wake mweupe pe. Kwao jambo hili halina mchezo, mtu anafutwa kazi bila kelele, anaandikiwa barua ya shukrani.

Kaniweza. Nikisema wagonjwa wanaanguka, ni njia yangu iliyoshindwa kuligundua. Nikisema hakuitumia, nani ataniamini — msichana mwenye kinyongo cha zamani, na kesi yake mwenyewe mkononi? Wataahirisha, wataunda tume. Na fundi cherehani jioni atameza kidonge chake.

Njia imebaki moja ya kuiokoa ripoti. Nisimame mbele ya watu wote hawa niseme njia ile haijawahi kuwa yangu, sikuitunga, Profesa amekosea kwa wema wake. Niseme kwa mdomo wangu. Naye anajua! Ndiyo maana ameniandika kwa herufi kubwa hivi.

Mwenyekiti ananiita mbele. Bosi anatazama meza. Watu wamesimama, na Kiranja anapiga makofi kuliko wote —