Mama Mkwe Kwenye Jukwaa la Homa Bay

Jumapili jioni, Migori. Mvua imekataa kunyesha na joto limekataa kuondoka. Woga bado haujanitoka, nami ni mwanamume mzima mwenye watoto wawili.

Leo tulikwenda Homa Bay kuuona uwanja. Hakukuwa na mechi. Mama mkwe amekuwa akiusikia redioni huko kwake Rusinga, akataka auone kwa macho yake kabla magoti hayajamkatalia. Mlinzi alitufungulia. Achieng, mke wangu, akabaki kwenye nyasi akijipiga picha. Mama akaanza kupanda jukwaani, na hakusimama hadi safu ya juu kabisa.

Nilimfuata kwa mbali. Kwa Wajaluo mkwe hamgusi mama mkwe, na kwetu Wakuria ndiyo kabisa. Miaka tisa hatujawahi kupeana mikono. Tunasalimiana kila mmoja akitazama kando. Basi niliacha ngazi kumi hivi kati yetu, kwa heshima.

Alipogeuka kutazama chini, kizunguzungu kikamshika.

Nilimwona akiyumba. Akafumba macho, akaita, "Achieng! Achieng, bi piyo!" Njoo haraka. Achieng alikuwa mbali huko chini, hakusikia.

Mimi nilisikia. Nikasimama tu.

Niliogopa, acha niseme ukweli. Niliogopa ataanguka. Niliogopa nikimshika nitakuwa nimemvunjia heshima, nikaogopa na wazee wa pande zote mbili, ambao hata hawakuwepo. Akaita tena. Miguu yangu haikusogea. Nilikuwa nasubiri ruhusa ya nani?

"Chacha," akasema kwa sauti ndogo. "Kuja unishike. Mimi naanguka."

Ndipo nikapanda. Nikamshika mikono yote miwili, ilikuwa baridi. Tulishuka kwa makalio kama watoto, ngazi moja moja, mimi nimetangulia huku nikimwomba Mungu kwa Kikuria. Tulipofika chini akaniachia, akajifunga leso upya, akatazama kando. Kisha akapanda gari la Mbita kurudi kwake Rusinga.

Njia nzima ya kurudi Migori niliwaza jambo moja tu. Nilijua atamwambia binti yake kwamba nilimwacha akiyumba.

Na kweli, jioni hii alipiga simu. Waliongea Kijaluo kirefu, mimi nikijifanya natafuta chaja. Achieng alipokata simu akanijia, machozi yakimlengalenga.

"Mama anasema hata hakumaliza kuita. Ati uliruka hizo ngazi zote ukakuja mara moja."

Nikaitikia kwa kichwa. Woga tena.

Kesho nitampigia. Nitamwomba msamaha kwa kumshika, au kwa kuchelewa kumshika?