Kitovu cha Imelda na Kiboksi Nilichoondoka Nacho

Jumapili. Baridi imekaza, jua linachungulia tu.

Nyie mnaocheka pale dukani Lizaboni kwamba mama Yustina aliiba kitovu hospitali, fungeni midomo. Mtu haibi kitovu cha mjukuu wake.

Ngoja niandike mwenyewe ilivyokuwa. Darasa langu la nne linatosha.

Jumatatu binti yangu Yustina alijifungua mtoto wa kike, Imelda. Nesi akatoka na kiboksi cheupe cha baridi, akasema, "Kitovu hiki hapa." Akakiweka kwenye benchi, akaenda kuchukua karatasi za kusaini. Sasa kwetu kitovu anapewa bibi, akakizike nyumbani, mtoto ajue kwao. Bibi ni nani kama si mimi? Nikakifunika kwa kitenge, nikatoka.

Kumbe kilikuwa kinasubiriwa na ndege, kiende maabara Dar es Salaam. Wote walijua, mimi wakanificha. Walidhani ningekataa.

Ningekataa kweli.

Nimeshakaa kwenye bajaji, mkwe wangu Osmundi akaja mbio, akasimama mbele ya gurudumu. Mkwe hamnyang'anyi mama mkwe kitu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shikamoo tena, mama."

"Umeshaniamkia. Toka njiani."

Akaninyooshea simu kwa mikono miwili, macho chini. Yustina analia huko kitandani: "Mama, kikichelewa kinaharibika! Rudisha!"

Nikarudisha. Kwa hasira, lakini nikarudisha.

Jioni ndipo Yustina akanieleza. Kule wanakiosha, wanakikatakata kama mboga, wanaviloweka vile vipande kwenye maji yenye chakula mpaka chembe hai zitambae nje na kuzaana. Wanaziita seli shina. Wanazigandisha miaka na miaka. Siku Imelda akiugua, huenda zikamfaa. Huenda. Madaktari wenyewe bado wanajifunza.

Sasa hilo ndilo la kunificha? Mbegu ya mahindi hailiwi. Mimi naitundika juu ya moshi wa jiko, wao wanaitia kwenye baridi. Nani ana uhakika wa mvua? Mbegu unaweka tu.

Ila moyo uliniuma wiki nzima. Mtoto kwao kuwe kwenye friji?

Leo asubuhi namwogesha, kile kikonyo kilichobaki tumboni kikadondoka kiganjani mwangu. Kikavu, cheusi, kidogo kama kokwa. Yustina akacheka: "Hicho ndicho chako, mama. Wao walichukua ule urefu uliobaki."

Kumbe tulikuwa tunagombania vitu viwili!

Nimekifunga kwenye kitambaa cheupe, nimekitia kifuani. Nimekula ugali kwa raha, jambo ambalo sikulifanya tangu Jumatatu.

Osmundi, najua unasoma. Acha shikamoo, chukua jembe. Kesho asubuhi tunakwenda Maposeni, nyuma ya jiko langu, kilipozikwa cha Yustina. Na uchimbe kina kirefu. Mbwa wa jirani hawana adabu.