Nyuma ya karatasi ya miadi

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kwa mama mkwe.

Unamkumbuka yule mshauri nasaha wangu? Yule aliyeniapia kwamba nitakayomwambia yatafia palepale? Na mama mkwe alipofiwa na mumewe akawa hapati usingizi, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikampeleka kwake!

Leo mama kanipa karatasi yake ya miadi nimsomee saa, eti hajui miwani kaiweka wapi. Nikaigeuza.

Nyuma ni maelezo ya kikao changu. CHANGU! Jina langu juu, chini kumechapwa: "Anasema mama mkwe akiingia tu, hewa inaisha chumbani."

Nimempigia mshauri. Unajua kanijibu nini? "Tunatunza mazingira, dada. Karatasi yenye upande mweupe hatuitupi siku hizi."

Hatuitupi! Mti kauonea huruma, mimi kanivua nguo.

Nikawa najipa moyo, mama hajasoma, si hana miwani?

Shoga, sasa hivi kagonga mlango, taratibu kabisa.

"Toka, mwanangu. Madirisha yote nimeshafungua, hewa ipo."