Jumapili Aliporukwa Nabothi

Rabai, 7 Julai 2025

Mwanangu Zipporah,

Kosa la wahubiri wengi ni kudhani kwamba mwaka wa kanisa ni Krismasi na Pasaka, na majuma mengine yote ni nafasi tupu ya kujaza upendavyo. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nina hasira, na hasira ikilala ndani hugeuka umbeya. Sasa nakujulia hali. Kifua kimepona? Mimi ni magoti tu, mengine ni heri.

Jana Bridgit, msomaji wenu wa masomo, alinitumia ibada yako kwenye simu kama kawaida yake. Nilikuwa nimekaa na Biblia wazi kwenye Wafalme, kwa kuwa mwongozo wetu wa masomo ulitupa shamba la Nabothi, yule aliyeuawa ili mfalme Ahabu alichukue. Nikakusikia ukisoma Zaburi ya Bwana ni mchungaji wangu. Ulihubiri kwa sauti nzuri. Nilizima kabla ya baraka.

Nikueleze, maana kueleza ndiyo maradhi yangu. Majilio hutufundisha kungoja, Kwaresima kutubu, Pasaka kufurahi. Kisha huja hizi Jumapili ndefu baada ya Utatu, kitambaa cha kijani juu ya meza, sikukuu hakuna, na hapo ndipo Neno linapoingia mashambani na jikoni mwa watu. Mwongozo uliwekwa ili mhubiri asijichagulie. Akijichagulia, atahubiri anayoyapenda hadi astaafu, na watu watajua mipaka ya moyo wake tu.

Nani aliyekwambia umruke Nabothi?

Babako mkubwa,
Kitsao


Gede, 11 Julai 2025

Baba Mkubwa, shikamoo.

Kifua kimepona, nashukuru. Natumai magoti yamepata nafuu, na kwamba unayakanda kwa maji moto kama daktari alivyosema, si kwa kuyagombeza.

Sitakuficha. Masomo ya mwezi tunayabandika mlangoni, na Jumamosi Charo, mzee wetu wa kanisa, alikuja nyumbani na ndugu zake. Unamkumbuka Mama Kahaso, mjane wa ami yake Charo? Shamba lake la mikorosho liko kando ya barabara, na siku hizi kila mtu anataka kando ya barabara. Mtoto wa Charo alipofariki mwezi wa nne, wakaenda kwa mganga, naye akamtaja Kahaso. Tangu hapo wanamwita mchawi mbele ya wajukuu zake.

Charo aliongea kwa upole. Akaniambia, "Mchungaji, ukilisoma hilo utakuwa umemtaja mtu bila kumtaja." Akaniomba lingoje mwaka mwingine, ukoo upoe. Nikafikiria amani ya kanisa. Nusu ya viti vyetu ni ukoo ule.

Kahaso alikuwa amekaa mbele. Nilipotangaza Zaburi alinitazama kidogo, kisha akainamisha uso. Sijalala vizuri tangu siku ile. Lakini niambie, Baba Mkubwa, amani nayo si kitu?

Mwanao,
Zipporah


Rabai, 14 Julai 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nafurahi kifua kimepona. Utakihitaji.

Amani ni kitu. Wazee wa mji wa Nabothi nao waliipenda sana. Soma taratibu, usikimbilie mwisho. Barua ilipowafikia kutoka kwa Yezebeli, mke wa Ahabu, hawakushika mawe kwanza. Walitangaza mfungo. Umeona? Walianza kwa ibada. Wakamketisha Nabothi mbele ya watu, kisha wakaja mashahidi wawili wa kukodiwa, wakasema amemtukana Mungu na mfalme. Hakuna aliyetaja shamba. Ungewauliza wale waliorusha mawe, wangekuapia kwamba shamba halimo kabisa.

Na kwetu ni vivyo hivyo. Waulize watu kutoka huko kwenu mpaka Ganze ni mzee gani aliyeuawa kwa ajili ya shamba. Watakujibu hakuna. Wote walikuwa wachawi. Ajabu ni kwamba uchawi huu haumpati mzee asiye na ardhi.

Jirani yangu Pola amepaka nywele zake rangi nyeusi, na umri wake unaujua. Tulimcheka hapa barazani, tukamuuliza anamtafuta bibi gani. Akatuambia, "Chekeni. Mimi nataka kufa kwa malaria, si kwa mvi." Maandiko yanasema kichwa chenye mvi ni taji, na sisi tumewafikisha wazee wetu mahali pa kuificha taji chini ya rangi ya dukani. Nimehubiri miaka mingi na sijapata neno la kuutosha ubaya huo.

Wewe unasema Charo aliongea kwa upole. Ndiyo, alikuwa akikuomba umsaidie. Hukukaa kimya, Zipporah. Ulimpa Jumapili nzima, na Kahaso akaiona ikitolewa mbele ya macho yake. Msomee Kahaso somo la Nabothi Jumapili hii, yote, bila kupunguza mstari, hata kama mwongozo umeshasonga mbele. Anayeruka somo hulirudia.

Babako mkubwa,
Kitsao


Gede, 21 Julai 2025

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumai barua hii inakukuta salama. Nimempa Maina wa dukani, anashuka Mombasa asubuhi hii na ameahidi kuifikisha kwako kabla ya adhuhuri.

Jana nilisoma yote. Nilipofika kwa mashahidi wawili Charo aliinuka, akatoka, ndugu zake wakamfuata, lakini wengine walibaki zaidi ya nilivyotarajia. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwamba mjini kwetu, mzee akianza kuitwa mchawi, Mkristo aulize kwanza shamba lake liko wapi. Njenga, ambaye siku zote hutuambia haya ni mambo ya Wagiriama na yeye ni mtu wa bara, alilia waziwazi.

Mlangoni Kahaso alinishika mkono. Nilidhani atanishukuru. Akaniuliza, "Na majirani wa Nabothi walikuwa wapi siku ile?" Nikamwombea, naye akaenda zake kwa miguu.

Baadaye nikasikia kwamba mdogo wake Charo alimsimamisha njiani, akamwambia hatafika Jumapili ijayo. Nimekwenda kwa chifu. Amesema nilete mashahidi, kisha atamwita kijana wamwonye.

Kwa hiyo Jumapili ijayo ni kubwa. Nataka kuendelea na nabii Eliya anapomkabili Ahabu shambani mwa Nabothi. Nisaidie, Baba Mkubwa. Niihubiri vipi ili iwaingie?

Mwanao,
Zipporah


Ujumbe wa simu, Jumatatu 21 Julai, saa saba mchana

Zipporah, ni mimi Baba Mkubwa. Maina amefika sasa hivi, nimesoma nikiwa nimesimama. Nimekupigia, simu yako haipatikani, kwa hiyo naandika. Bridgit naye nimemtumia, kama ukichelewa kuuona huu yeye atakuja kukugongea.

Unaniuliza kuhusu Jumapili. Mwanamke ameambiwa hataifikia, nawe unaandaa mahubiri yake. Soma tena mahali unapopataka. Eliya alipofika shambani, Ahabu alikuwa ameshaingia, na Nabothi alikuwa ameshazikwa. Yale yalikuwa mahubiri makali kuliko yote niliyowahi kuyasoma, na marehemu hakusikia hata neno moja. Kahaso yu hai. Alikuuliza majirani walikuwa wapi, nawe ukamjibu kwa maombi ukamwacha aende peke yake.

Ya chifu na polisi tutayafuata kesho, nami nitakuja na magoti yangu. Sasa funga Biblia, mchukue Bridgit na Njenga, nenda ukamlete Kahaso alale nyumbani kwako leo.