Kopo Lako Limepasuka, Kaka Ambakisye

Kaka Ambakisye,

Shikamoo yako naiweka kando kwanza. Nikikuamkia nitaanza kukuonea aibu kama kawaida yangu, halafu haya nisiyaseme.

Unakumbuka tulivyotengeneza vyuma vyetu hapa Iyunga, nyuma ya jiko la mama? Kila chuma makopo mawili ya rangi, saruji ndani, bomba katikati. Nilikuwa kidato cha tatu, nataka nguvu za kutupa tufe kwenye mashindano ya shule. Makopo yangu ulinijazia kokoto. Yako ulijaza peke yako, ukanikataza kusogea.

Wiki ya kwanza tukachuchumaa na chuma mabegani. Ya pili ukasema acha hilo, sasa tunavuta kutoka chini. Ya tatu, kusukuma juu ya kichwa. Kila nilipoanza kushika, ulibadilisha.

"Mwili ukizoea unalala, dogo. Uushtue kila wiki."

"Lakini kaka, hata sijui kama nimeongezeka."

"We unabishana na kocha?"

Rafiki zako waliokuja kututazama wakacheka. "Kapike ndizi, mama!" mmoja akasema, na wewe ukacheka kuliko wote. Kisha ukanyanyua chuma chako, kikubwa kuliko changu, ukakishusha taratibu ili nione.

Kidato cha nne sikuchaguliwa. Tufe lilianguka palepale lilipoanguka mwaka wa nyuma. Mwalimu wa michezo akaniuliza, "Neema, mwaka mzima ulikuwa unafanya nini?" Nilikuficha wewe. Na shule ndiyo imeisha hivyo.

Ulipohamia Iringa nilianza upya. Mazoezi manne tu, yaleyale, siku tatu kwa wiki, nikiandika kwenye daftari la Jiografia. Nilianza na mara tano, nikafika nane, ndipo nikafunga tofali kila upande. Ilipita miezi miwili kabla sijabadilisha chochote, na nilibadilisha zoezi moja, lile lililogoma kusogea wiki mbili mfululizo. Mengine sikuyagusa. Mwili haukulala, kaka.

Wiki iliyopita nikakifuata chuma chako ulichokiacha. Nikapanga miguu, nikavuta pumzi, nikavuta kwa nguvu zote. Kikaja kama ndoo tupu! Nilienda kinyumenyume, kikanitoka, kopo likapasuka. Ndani kulikuwa na yale mawe mepesi tunayosugulia miguu. Saruji ilikuwa juujuu tu.

Nilicheka, halafu nikalia. Kumbe ndiyo maana ulibadilisha kila wiki. Uliogopa nisije nikapata nguvu nikasema, leo tubadilishane vyuma.

Nasikia huko Iringa watu wanakuita kocha, na unawaambia waushtue mwili kila wiki. Haya. Pasaka ukija, rafiki zako watakuwepo. Mimi nisiyeweza kusalimia mgeni bila kutazama chini nimepita kwao mmoja mmoja kuwaalika. Ndizi nitapika. Kopo lililopasuka nimelibadilisha, yote mawili nimeyajaza upya kwa kokoto, nimeyapaka rangi ileile. Yale mawe yako nitayaweka kwenye beseni la maji mbele ya viti, wayaone yanavyoelea. Halafu utanyanyua.

Nakwambia mapema kwa sababu mimi sidanganyi uzito. Umebakiza wiki nane. Zinatosha, ukishika zoezi moja tu bila kulibadilisha.

Mdogo wako, yule wa kokoto,
Neema