Turudie Kipimo, Tusirudie?

Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Nimetanguliza salamu, maana nikianza na habari utasema dada yako siku hizi hana adabu. Hali yako je, na kazi huko? Wifi mgongo wake umetulia? Na mabinti zako wawili bado wanagombania kioo asubuhi? Sisi tunaendelea. Baba Twiga amerudi salama na lori lake la saruji, na kama kawaida ametuletea vumbi nyumba nzima.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kaka, nyumba hii unaijua. Ukinong'ona jikoni, chumbani wanakuitikia, na Mama ana masikio kuliko sisi sote. Haya ninayokuandikia sikutaka ayasikie, kwa hiyo naandika nikiwa karakana, karatasi nimeiweka juu ya mto wa kochi la watu. Mwandiko ukiwa mbaya, laumu sponji.

Habari yenyewe inamhusu mpwa wako Twiga. Nakuambia mapema kwamba mtoto ni mzima, ili usome ukiwa umetulia. Shule iliwataka wote wanaokwenda mashindano ya mpira wa wavu wapimwe afya kwanza. Mimi nilikuwa na makochi ya hoteli ya kumaliza, nikamwomba Mama ampeleke. Wakaenda, wakarudi wanacheka wenyewe kwa wenyewe, nikaona mambo ni shwari. Siku chache baadaye daktari akaniita. Akasema mkojo wa Twiga umeonekana una protini nyingi kuliko inavyotakiwa.

Daktari mwenyewe ni binti mdogo tu, mpole, alinieleza bila kunitisha. Alisema kwa vijana wa umri ule huenda ni mazoezi makali au homa iliyopita, na mara nyingi hupotea yenyewe. Lakini huenda pia ni figo. Ushauri wake ulikuwa turudie mkojo, tena wa asubuhi, tuongeze na damu na picha ya figo. Hakunilazimisha, alisema nikazungumze na baba yake kwanza.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Kadi yetu ya bima inatoka kazini kwa Baba Twiga. Inamhudumia yeye, mkewe na watoto wake, basi. Ina kiwango chake cha mwaka, na kiwango chenyewe Bwana Mdogo, mdogo wake Twiga, amekwisha kula sehemu kubwa kwa pumu yake. Vipimo vyote vile vingemaliza kilichobaki, na msimu wa vumbi ndio kwanza unaanza. Nikapiga simu ofisi ya bima. Wakaniwekea muziki mpaka nikaweza kuuimba, kisha dada mmoja akaniambia kipimo kikirudiwa kinahesabiwa kama kipya. Nikamshukuru kwa hasira.

Baba Twiga alitaka turudie mara moja. Mimi nilitaka tusubiri kidogo. Nilikuwa namwona mtoto anapanda ngazi mbilimbili, anakula kama mpakiaji wa magunia, nikasema hizi ni figo gani za kuumwa. Akaniuliza udaktari nilisomea lini. Nikamjibu, siku ile ile aliyosomea yeye. Tukanuniana. Lakini nikibaki peke yangu, kaka, nilikuwa naogopa. Nilikuwa nachagua kati ya pumzi za mtoto mmoja na figo za mwingine, na swali la namna hiyo sitaki hata adui yangu aulizwe.

Kilichonimaliza ni Twiga mwenyewe. Yule msemaji unayemjua, alinyamaza. Ukimtaja daktari, anakumbuka ana nguo za kuanua. Nikasema basi, mtoto anaumwa na anajijua. Nikaenda kwa mume wangu nikamwambia umeshinda, turudie vyote, habari ya pumu tutaijua mbele kwa mbele. Tukawatangazia wote mezani kwamba wiki hiyo hiyo Twiga anarudi hospitali.

Kesho yake mchana Mama akaja karakana. Si kawaida yake, harufu ya gundi inamkera. Akakaa kwenye kochi ambalo bado lilikuwa mbao na sponji tupu, akanitazama nikivuta kitambaa na kupiga stepla. Mwisho akasema, "Usimrudishe mtoto kupimwa. Mkojo ule ni wangu."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wake ule wa kukuzungusha. Akangoja nimalize, ndipo akanieleza. Siku ile Twiga alikuwa kwenye siku zake. Niwie radhi kaka, lakini una mabinti wawili, haya unayajua. Kijana wa maabara akampa kichupa, na mtoto akaona aibu kumweleza mwanamume hali yake. Akabaki amesimama mlangoni pa choo, machozi yanamlengalenga. Bibi yake akamnyang'anya kichupa, akasema mkojo ni mkojo, akaingia yeye. Akamwapisha asimwambie mtu. Kumbe ndicho walichokuwa wanakicheka njia nzima.

Nilipandwa na hasira, siwezi kukuficha. Nikamuuliza amewezaje kukaa kimya akituona tunavurugana, mtoto naye amebebeshwa siri mpaka amekosa raha. Alisema alikuwa hajui pa kuanzia. Akashikashika sponji ya lile kochi, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, nikiwa mle ndani nikaona, acha na mimi nipimwe."

Kaka, stepla ilinidondoka. Nikamtazama miguu. Amevaa ndala za Baba Twiga, na miezi sasa anazivaa hizo hizo, mimi najua anazipenda tu. Kumbe zake haziingii. Miguu imevimba imejaa, na nilipowahi kumuuliza alisema ni joto, nami nikakubali ni joto. Wajukuu wakiugua yeye ndiye anayewapeleka, kadi anaishika yeye, anaijua vizuri kuliko sisi, na anajua jina lake halimo. Hakutaka kutuongezea mzigo. Nililia kama mtoto. Akanipa kipande cha kitambaa nijifute, nami nikajifutia mali ya mteja.

Ijumaa tulikwenda watatu. Dada wa mapokezi akauliza mgonjwa ni nani. Mama, bila hata kufikiri, akanyoosha kidole kwa Twiga. Twiga akaushusha ule mkono polepole, akasema, "Mgonjwa ni bibi. Andika jina lake." Akamtajia majina yote matatu, kwa sauti, mpaka watu kwenye benchi wakageuka. Jina kamili la mama yetu nilikuwa sijalisikia likitajwa tangu tunamzika Baba.

Daktari tukamwambia ukweli. Akaziba mdomo kuficha kicheko, kisha akaacha kucheka. Twiga alipimwa pale pale kwa kijiti, kipimo kidogo tu, na safari hii kichupa kilikuwa chake kweli. Hana kitu. Hakuna cha kurudia, mashindano anakwenda, na kilichobaki kwenye kadi kipo kwa ajili ya Bwana Mdogo. Mama presha yake iko juu sana. Wamechukua damu, wamempiga picha ya figo, majibu ni Alhamisi. Tumelipa sisi, hoteli imenilipa makochi yake, kwa hiyo usikimbilie kutuma chochote. Naogopa, lakini si kama nilivyokuwa naogopa. Angalau sasa tunajua ni nani anayeumwa.

Nisalimie sana wifi, mwambie kile kitambaa cha maua alichokipenda nimemwekea. Wabusu mabinti, waambie shangazi yao anawatamani. Twiga anakuamkia, Baba Twiga anasema ule ushindi wako wa karata ulikuwa wa bahati. Mungu awape usingizi mwema na mkate wa kila siku.

Nina ombi moja. Mpigie Mama kabla ya Alhamisi, wala usimwambie nimekuandikia. Usianze na habari za watoto. Miaka yote hii mimi na wewe tunamuuliza hali, anasema hajambo, nasi haraka tunahamia kwa wajukuu. Atakuambia hivyo hivyo. Safari hii akisema hajambo, muulize tena.

Wako akupendaye,
Dada yako, fundi makochi